Shangazi Amekataza

Ghuba ya Pinkham, Nova Scotia
14 Oktoba 1780

Kaka yangu Elkana,

Mimi na Rubeni tu hai, na hilo nimelitanguliza ili upumue kabla ya kusoma mengine. Goti la mume wangu bado linajua mvua mapema kuliko kalenda. Viazi vimekubali mwaka huu. Kaburi la mama nimelipalilia na kulizungushia mawe. Mchungaji anakohoa tangu Agosti, ila usidhani mahubiri yamefupika.

Sasa niseme lililonikalisha mezani. Wezi wenye cheti wamefika kwetu. Najua huko kwenu wanaitwa mashujaa, eti Kongresi yenu inayopigana na Mfalme imewapa karatasi ya kuwinda merikebu zake. Sisi hatujaona merikebu ya Mfalme ikiwindwa. Tumeona kuku wakiwindwa. Merikebu yao waliiacha nje kwa kuuogopa mwamba wa Nguruwe Mzee, wakaja kwa mashua asubuhi, wanaume wetu wakiwa wametoka kuvua. Walichukua chumvi yote, samaki wote waliokuwa juu ya chanja wakingoja kuuzwa, ng'ombe wangu mweusi, viatu vya Rubeni vya Jumapili, na chungu cha maharage kikiwa bado motoni. Hata maharage, Elkana. Nikawaambia hayajaiva. Wakasema yataiva njiani.

Wanaongea kwa lafudhi yetu, maana ni sisi, watu wa Massachusetts ileile tulikotoka. Kijana mmoja alinivulia kofia huku amemshika ng'ombe wangu kamba. Nilimuuliza mama yake ni nani, akatazama pembeni. Lakini mkubwa wao, mtu wa maneno mengi, alisimama mlangoni kwangu akicheka.

"Shukuruni leo tumekuja kwa makasia, mama," alisema. "Safari ijayo tutakuwa na rubani wetu, mtu anayeijua njia ya humu. Tutaingia na merikebu yenyewe, tubebe hadi milango."

Tangu siku hiyo watu hapa hawana usingizi. Bila Tabitha Crowe wa ghuba ya pili na mumewe Obadia tusingekuwa na cha kupikia. Walikuja kwa miguu kupitia msituni, wametubebea chungu na nusu ya chumvi yao wenyewe. Ni watu wema, na mimi huwa sisemi hivyo kuhusu watu wengi.

Nakuuliza jambo moja, nawe nijibu hilo moja. Asaheli yuko wapi, na anafanya kazi gani? Mwanao alilala kwenye blanketi langu mpaka alipotimiza miaka kumi, siku ulipomchukua mkarudi Massachusetts. Nina haki ya kujua.

Dada yako,
Bethia


Beverly, Massachusetts
6 Januari 1781

Dada Bethia,

Barua yako imefika. Imefunguliwa njiani na maofisa wa pande zote mbili, kwa hiyo Mfalme na Kongresi wote sasa wana habari za goti la Rubeni. Wanangu wa kike hawajambo. Mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na anapiga mluzi kanisani. Mimi nimeanza kuota mvi, nasingizia vita.

Pole kwa ng'ombe. Pole kwa yote. Sitawatetea waliofanya hivyo, lakini na wewe usidhani huku tunakula siagi. Mashua za uvuvi zinaozea ufukweni, maana atakayetoka kuvua atakamatwa na manowari za Mfalme. Unga wa mahindi umekuwa wa kuomba. Wanaoshiba hapa ni walioacha ndoano wakashika bunduki. Sisemi ni vizuri. Nasema ndivyo ilivyo.

Asaheli ni mzima. Amerefuka, anainama akiingia mlangoni, na anakula kama farasi wa posta. Kazi anafanya za hapa na pale, leo huku, kesho kule. Anakukumbuka sana. Juzi tukiwa mezani alituchekesha, akasema angeweza kuingia Ghuba ya Pinkham amefumba jicho moja. Ukiwa majini unalilenga lile jiwe jeupe la alama la baba yetu mpaka likae chini kabisa ya ncha ya paa la nyumba ya ibada, unanyoosha usukani, na Nguruwe Mzee anabaki mkono wa kushoto akikoroma. Anasema shangazi ndiye aliyemfundisha, siku mlizokuwa mkilipaka chokaa pamoja kila theluji ilipoyeyuka. Bado unachoma makombe ya pwani kupata chokaa? Ule moshi ulikuwa ukinitoa machozi kuliko msiba.

Msalimie Rubeni. Nikipata viatu nitamtumia.

Kaka yako,
Elkana


Ghuba ya Pinkham
9 Mei 1781

Kaka,

Majira ya baridi yametuacha hai lakini yametuchuna. Tumemzika mchungaji mwezi Februari, na ardhi ilikuwa ngumu hata wanaume wakawasha moto juu yake kabla ya kuchimba. Rubeni anakusalimu. Amejishonea viatu mwenyewe, vinalia kama bata, na watu wote wanajua anapochelewa ibadani.

Barua yako ilifika Machi. Nadhani umeisahau desturi yetu. Barua ya kutoka upande wenu haisomwi na mwenyewe peke yake. Kila nyumba hapa ina mtu wake huko, kwa hiyo mzee wa kanisa Eliabu huisoma kwa sauti jikoni kwake, watu wamejaa hadi nje, kila mmoja ametega sikio labda litatajwa jina la mtu wake. Na yako ilisomwa hivyo, yote. Eliabu alipofika kwenye maneno ya Asaheli na jiwe la baba, hakuna aliyecheka. Ungejua ilivyosomwa usingeandika ulivyoandika.

Nilikuuliza mtoto anafanya kazi gani. Unanijibu leo huku, kesho kule. Huku ndiko wapi, Elkana, na kule ndiko wapi?

Sitasema mengi. Kuna jambo nimeliapia kwa Biblia mbele ya wazee wa hapa, na mimi nikiapa nimeapa. Nakuomba umpe Asaheli maneno haya kama yalivyo, usiongeze wala usipunguze. Shangazi yako amekukataza kukanyaga Ghuba ya Pinkham. Usije kwa merikebu wala kwa mashua, usije kwa heri wala kwa shari. Mlango wangu umefungwa kwako mpaka vita viishe.

Usiniulize sababu. Msomee leo hii, kabla hujaikunja barua.

Bethia


Beverly
2 Julai 1781

Bethia,

Wanangu wa kike hawajambo. Salamu zimeishia hapo.

Nilimsomea kama ulivyotaka, mezani, mbele ya dada zake. Alikuwa akimenya yai. Aliliweka chini, akauliza, "Shangazi kasema hivyo?" Nikamwonyesha mwandiko wako. Aliutazama kwa muda, kisha akamalizia yai lake, na mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Mtoto alipougua surua ni wewe uliyemkandakanda usiku na mchana. Alipokujia akilia kwamba mama yake amekufa, ni wewe uliyempakata. Leo ng'ombe mmoja na chungu cha maharage vimekutoa kwenye damu yako? Mkatalie mgeni, nitakuelewa. Mtoto wa kaka yako unamfungia mlango kwa maandishi, tena unaniamuru mimi babaye nimsomee hukumu! Mama asingelikubali hili.

Kulipokucha kitanda chake kilikuwa kitupu. Amechukua koti lake nene na kisu. Hakuaga. Hapa bandarini kuna merikebu ya wenye cheti inaitwa Tumaini, na nahodha wake anatafuta watu wanaoijua pwani yenu. Alishamwita Asaheli mara mbili kuzungumza naye. Kama amekwenda huko, Bethia, wewe ndiye uliyempeleka.

Elkana


Ghuba ya Pinkham
20 Oktoba 1781

Kaka yangu,

Natumai wasichana ni wazima na kwamba barua hii itapokelewa na mkono wako mwenyewe. Nimempa mateka mmoja wa kwenu anayerudishwa, ameishona ndani ya koti lake. Rubeni yu mzima. Mimi nakula na kulala. Hizo ndizo habari njema nilizo nazo.

Leo naweza kukuambia yote, kwa sababu siri imekwisha. Mji mzima umeona.

Baada ya barua yako ya Januari wanaume walikata shauri. Kama wenye cheti wana mtu anayelijua jiwe la baba, basi jiwe lihame. Waliliziba la baba kwa lami na mwani, wakachagua jingine upande wa mashariki, wakataka liwe jeupe. Atakayeliweka hilo chini ya paa la nyumba ya ibada atakwenda moja kwa moja juu ya Nguruwe Mzee, na maji ya pale hayarudishi watu. Sasa nani hapa anayejua kuchoma makombe? Walinileta mbele ya Biblia, nikaapa kutosema, nikachukua brashi. Sitakudanganya kwamba nililia. Njaa ya majira ya baridi ilikuwa bado imo tumboni mwangu na nilipaka kwa hasira. Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nilipomwona Asaheli mawazoni, mtoto tena na brashi yake ndogo, uso mzima umejaa chokaa. Nisingeweza kukwambia neno bila kuuza mji. Ndipo nikaandika ile amri, nikiamini mtaielewa.

Barua yako ya Julai ilifika mwisho wa Agosti. Aliisoma Eliabu, kama kawaida. Watu wote wakasikia kwamba rubani anayekuja huenda ni mtoto niliyemlea. Wakati wa kutoka Eliabu alinishika mkono.

"Uliapa, Bethia," alisema.

Nikamwambia najua nilichoapa.

Walikuja Septemba, maji yakiwa yamejaa. Ukungu ulipoinuka asubuhi merikebu ilikuwa mdomoni mwa ghuba na matanga yameshiba upepo. Wanaume wetu walikuwa wamelala nyuma ya chanja na bunduki zao, wakingoja mwamba ufanye kazi. Mimi niliambiwa nikae ndani. Nilikaa. Nilikaa mpaka niliposikia mtu wao wa mbele akiimba vipimo vya kina cha maji, sauti changa, na sikuweza kujua ni ya nani. Nikavuta blanketi la kahawia kitandani nikakimbia. Nililitandaza juu ya lile jiwe la uongo, halikutosha, na sehemu iliyobaki nikailalia mwenyewe na gauni langu jeusi.

Kule majini mtu alipiga kelele. Wamepoteza alama yao. Matanga yakapigapiga, merikebu ikasita, kisha ikageuka polepole ikarudi nje. Walikuwa karibu kiasi cha kuona vichwa, lakini si nyuso. Nilitazama kila kichwa, Elkana, mpaka wakapotea.

Hakuna aliyenitukana. Wanaume waliinuka nyuma ya chanja wakanipita mmoja mmoja kwenda makwao. Rubeni alikuwa wa mwisho. Aliniinua, akanikung'uta chokaa.

"Ungeniambia, ningekufunga kamba kitandani," alisema. "Kwa hiyo ulifanya vizuri kutoniambia."

Tangu siku hiyo hajalizungumzia tena.

Ningependa kuishia hapo. Lakini merikebu ile iliyokosa kuingia kwetu ililala nje, na kesho yake ikashusha mashua ghuba ya pili. Obadia Crowe alisimama mlangoni kwake akakataa kutoa ng'ombe. Walimpiga risasi, wakachoma nyumba. Tabitha alifika kwetu kwa njia ileile ya msituni aliyotuletea chungu, na safari hii hakuwa na kitu mkononi. Nilimpokea kabla hajaambiwa nilichofanya. Alipoambiwa, alihamia kwa Eliabu.

Nakuomba neno moja tu. Asaheli alikuwemo? Kama alikuwemo, nitajua damu ya Obadia ilimwagika badala ya nani, nami nitaubeba mzigo huo kama nilivyombeba yeye. Niambie tu alikuwemo.

Bethia


Beverly
11 Januari 1782

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na nyingi nimezitia motoni. Wasichana wanakusalimu. Theluji imefika madirishani.

Asaheli hakuwemo.

Alikwenda bara, mbali na bahari, kwa mkulima mmoja, akawa anakata miti. Alirudi theluji ilipoanza, na mikono yenye sugu. Nilimwambia kwamba nilidhani amepanda Tumaini kwa uchungu wa barua yako. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mdogo.

"Baba, shangazi hakatazi bure," aliniambia. "Tangu utoto alinikataza vitu viwili, kisima na barafu ya Machi, na vyote viwili vimeua watu pale. Nilipoona amenikataza kwa maandishi, nikajua kuna kifo. Ningebaki mjini nahodha angenishinda, maana alikuwa akininunulia bia. Nawe usingeniacha niondoke bila kubishana."

Basi mtoto alikuelewa siku ileile. Mimi ndiye niliyekusoma kama mgeni. Barua yangu ya Julai, kama ungali nayo, ichome, na unisamehe.

Nilipaswa pia kukujibu swali lako la kwanza. Nilikwepa kwa sababu nilikuwa na aibu. Kabla hujaniandikia, Asaheli alikuwa amekwisha kwenda safari moja na wenye cheti. Haikuwa kwenu, ilikuwa kusini. Mkate tuliokula majira yale ya baridi ulitoka humo, na ulipotaja ng'ombe wako nilikuwa nao mdomoni.

Rubani wa Tumaini alikuwa mvuvi wa hapa aliyewahi kukausha samaki kwenu zamani. Waliobaki ni vijana wa mtaa wetu. Aliyekuwa akiimba vipimo vya maji ni mtoto wa mjane anayetuletea mayai. Anasimama mlangoni kwangu kila wiki akilalamika kwamba kijana wake ni mvivu wa kupasua kuni, nami namtazama nashindwa kumwambia angekuwa wapi leo.

Unataka nikuambie alikuwemo, na siwezi. Nimewaza kukudanganya. Nimeona wewe ungejua.

Kaka yako,
Elkana


Ghuba ya Pinkham
28 Aprili 1782

Kaka yangu Elkana,

Sote wazima. Barafu imetoka, samaki wameanza kupanda. Rubeni amepata viatu kwa mfu, vinambana, lakini angalau havilii. Nimekusamehe Julai. Unisamehe na mimi amri isiyo na maelezo. Mwambie Asaheli nimesoma maneno yake mpaka karatasi ikalegea.

Nilikuwa nimetengwa na meza ya Bwana tangu Septemba. Unaijua desturi. Aliyekosa husimama mbele ya kusanyiko siku ya ibada, hukiri kwa mdomo wake, hujuta, kisha hupokewa. Eliabu alikuwa amenijia zaidi ya mara moja. Alisema watu wako tayari, maana hakuna nyumba isiyo na mtu upande wa pili. Nisimame tu niseme damu ya mtoto wa kaka yangu ilinizidi nguvu. Tabitha mwenyewe, alisema, amekubali kwamba anaweza kumsamehe shangazi. Nilipanga kusimama Jumapili ya Machi.

Barua yako ililetwa mkononi kwangu Jumamosi. Hakuna aliyeiona. Moto ulikuwa unawaka na mimi nimeishika, na najua kwamba ningeitia humo, leo ningekuwa nimepokewa. Rubeni aliniuliza ina nini. Nikamwambia hakuwemo. Akasema ni juu yangu, na kwamba benchi lolote nitakalokaa naye atakaa.

Nilisimama. Nikakiri kuvunja kiapo. Nikasema namjutia Obadia Crowe na nitamjutia mpaka nifukiwe. Halafu nikasema yaliyomo katika barua yako, kwamba Asaheli hakuwa katika merikebu ile. Nikasikia benchi likilia. Eliabu alikuwa amekwisha kuandaa maneno ya kunipokea, karatasi mkononi.

"Basi ulimfunikia nani?" aliniuliza.

Nikasema siwajui majina. Nikasema nao wana shangazi zao. Akaniuliza kama najuta kulifunika jiwe, na nikamwambia nimejitafuta moyoni na sijaona hayo majuto, na sitayasema kwa mdomo kama hayamo.

Tabitha akasimama. Mwanamke yule hajawahi kupaza sauti kanisani tangu nimjue, na hakuipaza siku hiyo.

"Obadia naye alilelewa na shangazi, Bethia," alisema. "Nani alimfunikia yeye?"

 Nilikaa chini. Nimekuja na swali hilo nyumbani, naamka nalo, nakuandikia nikiwa nalo. Tunakaa benchi la nyuma sasa, la waliotengwa, mimi na Rubeni, na Tabitha hupita bila kunitazama, na simlaumu.

Wanasema vita vinakaribia kwisha. Vikiisha, Asaheli aje. Lakini asije kwangu kwanza. Aende ghuba ya pili, kwa Tabitha, ajitambulishe jina lake lote, amjengee nyumba pale ilipoungua. Kama atamfukuza, akae msituni mpaka amkubalie. Nyumba ikiezekwa, na mwenye nyumba akiingia, ndipo avuke anisalimu. Nimemngoja miaka mingi na naweza kungoja tena.

Dada yako,
Bethia